Mbwa Aliyekatwa Mguu kwa Sababu ya Saratani: Namna ya Kumtunza Nyumbani

Saratani ya mfupa iitwayo osteosakoma huwashika zaidi mbwa wenye maumbo makubwa, yaani aina zile zile za Rottweiler, German Shepherd na Boerboel ambazo watu wengi wa Nairobi hufuga ili zilinde nyua zao. Mguu hukatwa hasa ili kuondoa maumivu, kwa kuwa mfupa ulioliwa na uvimbe huuma kuliko mbwa anavyoonyesha na unaweza kuvunjika kwa kuruka tu kutoka kwenye kiti. Ukataji peke yake hauponyi. Katika mbwa wengi, ugonjwa unapogunduliwa, chembe za saratani huwa zimeshafika mapafuni ingawa picha ya eksirei haizionyeshi, na ndiyo maana mbwa aliyekatwa mguu bila kupewa tibakemikali, yaani dawa za kuua chembe za saratani, kwa wastani huishi miezi 4 au 5, ilhali aliyepata vyote viwili hukaribia mwaka mmoja, na wachache huvuka miaka 2. Ninaandika haya kama mhudumu wa wanyama ninayewafuatilia wagonjwa hawa hadi majumbani mwao, na ombi langu ni moja: usimwombolezee mguu uliokatwa, bali elekeza nguvu zako kwenye miguu mitatu iliyobaki, kwenye maumivu na kwenye joto la mwili.

Hatua ya 1: Tayarisha nyumba kabla ya siku ya upasuaji

Adui mkubwa wa wiki ya kwanza ni sakafu ya vigae. Mbwa mwenye miguu mitatu akiteleza mara moja hupoteza imani na hukataa kusimama, au hufungua mshono. Tandika mazulia au mikeka ya mpira kuanzia anapolala hadi mlango wa kutokea nje, pasiwe na pengo hata la hatua mbili. Mkeka wa ukindu haufai, kwa sababu wenyewe huteleza juu ya vigae. Ziba ngazi kwa ubao au kiti. Kama amezoea kulala bandani, mwingize ndani kwa majuma mawili ya kwanza, hasa kati ya Juni na Agosti ambapo baridi ya usiku hukaza misuli iliyokwisha kuchoka.

Mwombe daktari apime damu ya mbwa wako kuangalia homa ya kupe kabla ya upasuaji. Magonjwa ya kupe, hasa erlikiosisi na babesiosisi, ni ya kawaida sana hapa Nairobi, na erlikiosisi hupunguza chembe zinazogandisha damu. Mbwa aliye nayo anaweza kutokwa na damu nyingi kwenye meza ya upasuaji, na baadaye tibakemikali huzidi kuzipunguza chembe hizo hizo. Uliza pia gharama yote kwa jumla, pamoja na vipimo vya damu vya kila awamu ya dawa, kwa kuwa si haki kwa mbwa kuanza safari ambayo mfuko utaikatiza katikati.

Hatua ya 2: Siku ya kurudi nyumbani na usiku wa kwanza

Mlaze kwenye kiti cha nyuma cha gari, upande wenye mshono ukiwa juu. Kwa aliyekatwa mguu wa nyuma, kunja leso mara mbili kwa urefu, ipitishe chini ya tumbo karibu na paja lililobaki, kisha shika ncha zote mbili juu ya mgongo na umsaidie kidogo tu anapoinuka. Kwa dume, hakikisha leso haifuniki sehemu ya kukojolea. Aliyekatwa mguu wa mbele anahitaji kusaidiwa kifuani kwa mkanda mpana, kwa sababu miguu ya mbele hubeba karibu asilimia 60 ya uzito wa mbwa.

Usiku wa kwanza anaweza kulia, kuhema au kutazama ukuta. Mara nyingi hizo ni dawa za usingizi na za maumivu zinazomtoka mwilini, lakini kilio kisichokoma ni sababu ya kumpigia daktari simu usiku huo huo. Akojoe ndani ya saa 24. Choo kikubwa kinaweza kuchelewa siku 3 au 4, na hilo lisikutie hofu.

Hatua ya 3: Dawa za maumivu kwa saa, si kwa kukisia

Andika ratiba kwenye karatasi na uibandike jikoni, kwa sababu katika nyumba zetu mbwa hupita mikononi mwa watu wengi: mwenye mbwa, dada wa nyumbani, na askari wa zamu ya usiku. Kila anayempa dawa aweke alama na saa. Bila karatasi hiyo mbwa hupewa dozi mbili au hurukwa kabisa. Mbwa mwenye maumivu si lazima alie. Hukataa kulala ubavu, hutetemeka, masikio hurudi nyuma, au hubaki amekaa huku macho yakisinzia.

Usimpe kamwe diklofenaki, ibuprofeni wala parasetamoli ya binadamu, kwani hizo huharibu figo, tumbo au ini lake. Gabapentini ya maji ya binadamu nayo inaweza kuwa na ksilitoli, kitia utamu ambacho ni sumu kwa mbwa. Usimruhusu mtu mwingine kumchoma sindano ya steroidi wakati anatumia meloksikamu au karprofeni, dawa za maumivu ambazo daktari humwandikia mbwa, kwa sababu mchanganyiko huo unaweza kutoboa tumbo. Mbwa akiruka ghafla na kulia huku akigeukia mahali palipokuwa na mguu, mweleze daktari. Neva zilizokatwa zinaweza kuendelea kutuma maumivu, na kuna dawa yake.

Hatua ya 4: Mshono

Utazame kila asubuhi katika mwanga wa jua, si kwa taa ya simu. Uguse kwa mgongo wa vidole vyako: ngozi yenye uvuguvugu kidogo ni ya kawaida, ngozi ya moto, ngumu na yenye unyevu wenye harufu si ya kawaida. Michubuko ya zambarau itashuka tumboni au kifuani na kubadilika kuwa ya manjano. Uvimbe laini unaochezacheza chini ya mshono kama puto lenye maji mara nyingi ni majimaji yaliyokusanyika, ambayo mwili huyanyonya wenyewe; usiyatoboe. Koni ya shingoni, inayomzuia kulamba mshono, isitoke hata anapolala, hadi nyuzi zitolewe kati ya siku ya 10 na ya 14.

Nzi ni jambo la kutiliwa maanani. Mbwa aliyelazwa uani mchana kutwa na mshono wenye unyevu anaweza kupata funza kwa muda mfupi. Kuogesha kwa dawa ya kupe pia kusubiri hadi kidonda kifunge; muulize daktari dawa ya kupe ya kumeza au ya kudondoshea shingoni.

Hatua ya 5: Mwendo na uzito

Matembezi ya dakika chache mara kadhaa kwa siku yana faida kuliko moja refu. Wengi huruka kwa miguu mitatu ndani ya siku chache, na hapo ndipo mwenye mbwa hujisahau na kumwachia akimbilie lango kila gari linapopiga honi. Mzuie kwa mwezi mzima. Kata kucha na nywele za katikati ya vidole, na usimwache anenepe: mbavu zihisike chini ya kiganja bila kubonyeza.

Hatua ya 6: Tibakemikali

Kwa kawaida huanza nyuzi zinapotolewa. Karboplatini hutolewa mshipani kila baada ya wiki 3, mara 4 hadi 6, na damu hupimwa kabla ya kila awamu. Mbwa hupewa kipimo kidogo kuliko binadamu, kwa hiyo wengi hawapotezi manyoya wala hawalazwi kitandani. Kutapika au kuharisha katika siku za mwanzo hutokea. Wali na kuku wa kuchemsha bila chumvi wala kitunguu humtuliza tumbo, lakini akitapika mara kwa mara au akigoma kunywa maji, mpeleke kwa daktari.

Hatari iliyo kubwa zaidi huja baadaye. Kati ya siku ya 7 na ya 14 chembe nyeupe za damu hushuka, na bakteria wa kawaida wanaweza kumuua mbwa aliyeonekana mzima asubuhi. Nunua kipimajoto cha dijitali, kipake mafuta ya mgando, kiingize taratibu kwenye njia ya haja kubwa, na upime kila asubuhi na jioni siku hizo. Joto la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39.2. Likifika 39.5, mpeleke kwa daktari, usisubiri kukuche. Katika kipindi hicho usimpe nyama mbichi, matumbo mabichi wala mifupa kutoka buchani. Mchuzi wa sukuma wiki uliokaangwa na vitunguu usimpe wakati wowote, kwani vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu.

Kwa saa 72 baada ya kila awamu, mkojo, kinyesi na matapishi yake hubeba dawa. Vaa glavu, futa kwa karatasi au kitambaa cha kutupwa, funga kwenye mifuko miwili, kisha osha mahali hapo kwa sabuni na maji mengi yanayomwagwa polepole. Usitumie mpira wa maji wenye nguvu, kwani hurusha matone hewani. Mjamzito, anayenyonyesha na watoto wasihusike na usafi huo hata kidogo.

Hatua ya 7: Ufuatiliaji

Eksirei ya kifua irudiwe kila miezi 2 au 3. Kikohozi, kuhema akiwa amelala, au kuchechemea kwa mguu mwingine kusisubiri tarehe iliyopangwa. Mapema, wakati bado anakula na kukulaki langoni, keti na daktari mkubaliane ni dalili zipi zitaonyesha kwamba dawa zisimame na kwamba saa ya kumpumzisha bila maumivu imefika. Ziandike kwenye karatasi ile ile ya jikoni, ili asiyekuwapo siku hiyo naye azijue.