Meseji zinajaa Kafka? Anza na konsuma

Mauzo ya asubuhi yanaingia kwenye mfumo wa uhasibu jioni, na watu wanakimbilia kuongeza seva za Kafka, ule mfumo unaopokea meseji na kuzitunza hadi zisomwe. Subiri kwanza jamani. Mara nyingi Kafka yenyewe iko poa kabisa, kinachochelewa ni konsuma, ile programu inayosoma meseji na kuziandika kwenye databesi.

Endesha kafka-consumer-groups.sh na --describe, angalia safu ya LAG, hizo ndo meseji zinazosubiri. Ikipanda kwenye patisheni zote (mafungu ambayo Kafka inagawia meseji), konsuma zimezidiwa. Ikipanda kwenye moja tu, cheki ufunguo wa meseji, ile thamani inayoamua meseji iende patisheni gani, pengine umeweka namba ya tawi na tawi moja linauza kuliko yote, kwa hiyo mzigo wake wote unaangukia patisheni hiyo hiyo.

Sasa hapa ndo penye kazi. Kwa kawaida konsuma inachota hadi meseji 500 kwa mkupuo, halafu programu inaziandika moja moja, insert komiti, insert komiti (yaani ingiza, thibitisha), na kila komiti databesi inangoja diski, bado hujahesabu kwenda na kurudi kwa netiweki. Ziandike zote 500 kwa transaksheni moja, ikishapita ndo ukomiti ofseti, ile alama ya ulipofikia kusoma. Ikizima katikati zitasomwa tena, kwa hiyo namba ya muamala iwe UNIQUE, yaani isijirudie, na kama ni databesi ya Postgres tumia ON CONFLICT DO NOTHING, iliyokwisha kuwepo irukwe. Hii usiiruke hata kidogo, malipo yakiingia mara mbili kwenye vitabu ni balaa kubwa kuliko kuchelewa.

Usizidishe mkupuo pia, maana ukipita dakika 5 bila kuita poll (kuomba meseji nyingine) konsuma inatolewa kwenye grupu, yaani konsuma zinazogawana kazi moja, na kazi inagawanywa upya.

Bado haitoshi? Ongeza konsuma, ila ndani ya grupu patisheni moja inasomwa na konsuma moja tu, ukiwa na patisheni 6 na konsuma 10, nne zinakaa bure. Ukiongeza patisheni funguo nyingine zinahamia kwingine na mpangilio unaweza kuvurugika, so fanya foleni ikiwa imeisha.

Kwa prodyusa, programu inayotuma meseji, ni kidogo tu: linger.ms (milisekunde za kusubiri meseji zikusanyike) 10 au 20, batch.size (ukubwa wa fungu kwa baiti) itoke 16384 iende 65536, compression.type (aina ya kubana data) lz4. acks=all (kusubiri nakala zilizo sawa na kiongozi zithibitishe kupokea) iache ilivyo, ukiweka 1 na broka kiongozi, yaani seva kuu ya patisheni hiyo, ikafa kabla nakala hazijafika kwa wenzake, meseji hizo hazipo tena.