Kubadilisha usukani wa Corolla KE70: kazi ya nati moja

Usukani wa kiwandani wa Toyota Corolla KE70 hauvunjiki; huliwa na jua. Plastiki hupasuka kwanza pale mikono ya usukani inapokutana na duara, kisha huanza kunata, na anayeendesha gari hilo mchana wa Januari katika mji wa pwani hufika aendako akiwa na viganja vyeusi kama aliyekuwa akishika masizi. Ndiyo sababu iliyonifanya niutoe wangu na kufunga wa dukani. Nitaeleza kazi yenyewe kama inavyofanyika kwenye gari hilo, ingawa hatua zake, ukiacha vipimo, zinafaa kwa magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 1970 na 1980 ambayo hayana eabegi, yaani mfuko wa hewa unaofumuka mbele ya dereva gari linapogonga.

Hilo la eabegi lisipitwe haraka. Gari lenye eabegi kwenye usukani lina kifaa kinacholipuka kwa baruti mbele ya kifua cha dereva, na ukiuondoa usukani huo na kufunga wa michezo, umeiondoa kinga hiyo moja kwa moja. Wapo wanaouza kipingamizi kidogo cha umeme, cha om mbili au tatu hivi, kinachochomekwa mahali pa eabegi ili taa ya onyo kwenye dashibodi izimike. Kifaa hicho huidanganya kompyuta ya gari tu, hakimlindi mtu. Ushauri wangu kwa mwenye gari la namna hiyo ambaye usukani wake umechakaa ni aupeleke kwa fundi wa kushona viti auvalishe ngozi mpya, au atafute usukani wa toleo la juu la gari lilelile, ambao huja na eabegi yake. Kama ni lazima eabegi ifunguliwe, hata kwa kazi hiyo ya kushona, terminali hasi ya betri itolewe kwanza, kisha mtu asubiri. Vitabu vya Toyota husema angalau sekunde 90, kwa kuwa kompyuta ya eabegi huhifadhi umeme hata betri ikiwa imetengwa. Eabegi ikishatoka huwekwa chini kifuniko chake kikitazama juu, wala haipimwi kwa mita ya umeme. Plagi za mfumo huo kwa kawaida ni za njano, na rangi hiyo ndiyo ishara ya kutotia mkono.

KE70 haina lolote kati ya hayo. Ina nati, honi na waya, na hapo ndipo raha ya kazi yake ilipo.

Kabla ya kununua usukani, chukua futi ya kupimia uingie ndani ya gari. Pima kipenyo cha usukani uliopo, pima nafasi iliyopo kati ya ukingo wake wa chini na mapaja yako ukiwa umekaa kama unavyokaa siku zote, kisha pima umbali kutoka kwenye duara hadi kwenye kijiti cha indiketa. Kipenyo ni jambo la uzito zaidi kuliko sura. KE70 nyingi hazina pawa stelingi, na stelingi boksi yake ni ya aina ya zamani yenye gololi ndani, kwa hiyo nguvu yote ya kuzungusha matairi hutoka mabegani mwa dereva. Usukani wa milimita 380 ukibadilishwa kwa wa 350, mikono itahitaji nguvu zaidi kwa karibu asilimia 9. Ukifungwa wa 320, ongezeko linafika karibu asilimia 19, na tofauti hiyo huioni barabarani bali sokoni, unapotafuta kuegesha kati ya magari mawili huku mwenye mkokoteni akikupigia kelele. Milimita 350 inatosha. Mwenye matairi mapana afikirie hata 360 au 370.

Kina cha usukani nacho kina hesabu yake. Kuna usukani bapa na kuna ule uliozama kama bakuli, ambao duara lake linamsogelea dereva kwa milimita 70 hadi 90. Kipimo rahisi ni hiki: kaa mgongo ukiwa umegusa kiti, nyoosha mkono, na kiwiko cha mkono, yaani pale saa inapovaliwa, kiangukie juu ya duara bila bega kuachana na kiti. Ikiwa usukani wa zamani ulikuwa tayari katika nafasi hiyo, nunua ulio bapa, maana bosi peke yake itaongeza sentimita kadhaa.

Bosi ni kile kipande cha katikati kinachounganisha shafti ya nguzo ya usukani na usukani mpya. Jina hilo limetufikia pamoja na vipuri vya Japani, na kwa kweli ndicho chenye mamlaka katika kazi nzima: usukani ni wa gari lolote, bosi ni ya gari lako. Upande mmoja ina meno ya ndani yanayoingia kwenye meno ya shafti, na upande wa pili ina mashimo sita ya skrubu za milimita 5. Mashimo hayo hupangwa katika duara la kipenyo cha milimita 70 kwa usukani wa Momo, Sparco na OMP, na milimita 74 kwa Nardi na Personal. Bosi nyingi zimetobolewa mipangilio yote miwili, lakini si zote, na muuzaji anayekuambia kwamba mashimo yasiyolingana yanaweza kupanuliwa kwa drili hastahili kupewa pesa. Ukipata bosi ambayo mwili wake una sehemu ya bati lenye mikunjo, chagua hiyo. Mikunjo ile imewekwa ijifinye kifua kikigonga usukani.

Usukani bandia upo mwingi, na nembo iliyochongwa vizuri si ushahidi. Mimi huuangalia kwa nyuma: kingo za chuma zilizokwanguliwa ovyo, mashimo ambayo skrubu haiingii ikiwa wima, na duara linalopinda kidogo unapolishika kwa mikono miwili na kulisukuma kinyume ni dalili za kutosha. Usukani ulioidhinishwa kutumika Ujerumani huwa na nambari ya KBA, mamlaka ya magari ya huko, iliyogongwa kwenye chuma. Kuhusu sheria, nchi hutofautiana, na mwenye gari aulize ukaguzi na bima yake kabla ya kufungua chochote. Japani, kwa mfano, hudai kitufe cha honi kiwe na alama ya tarumbeta, na ndiyo maana magari yaliyotoka huko yakiwa tayari na usukani wa michezo huwa na alama hiyo katikati.

Sasa kazi. Endesha gari kwenye barabara iliyonyooka na isiyolala upande, liache lijiendee kwa mita kadhaa, kisha simama bila kugusa usukani tena. Matairi sasa yametazama mbele. Toa terminali hasi ya betri. Kifuniko cha honi kwenye usukani wa zamani hushikwa ama na skrubu zinazofunguliwa kutoka nyuma ya mikono ya usukani, ama na klipu zinazoachia ukivuta. Tazama nyuma kabla ya kuvuta, kwa kuwa plastiki yenye miaka zaidi ya 40 haisamehi. Chomoa waya wa honi, na katikati utaiona nati. Ni ya soketi ya 19.

Kabla ya kuilegeza, chora mstari kwa rangi ya kucha kutoka kwenye kichwa cha shafti hadi kwenye usukani. Mstari huo ndio utakaokuonyesha jino gani lilikuwa wapi. Mtu mwingine ashike duara wakati unalegeza nati. Usitegemee kitasa cha usukani kizuie, kwa sababu kitasa kile hakikutengenezwa kwa kazi hiyo na huvunjika.

Nati ikilegea, iache ikiwa imeshika nyuzi mbili au tatu. Usiitoe. Mara yangu ya kwanza niliitoa kabisa, nikaukamata usukani kwa mikono miwili nikauvuta kwa nguvu zangu zote, ukagoma, nikavuta tena, ukaachia ghafla ukanipiga mdomoni. Niliendelea na kazi nikiwa na barafu iliyofungwa kwenye kitambaa na mdomo wa chini umepasuka. Nati ikibaki kwenye nyuzi zake, usukani ukiachia unagota kwenye nati badala ya uso. Utikise kulia na kushoto huku ukivuta. Ukikataa, mwagia mafuta ya kulegeza kutu, subiri, na ikibidi tumia pula, yaani kifaa cha kuvutia, inayofungwa kwenye mashimo mawili yenye nyuzi yaliyo pembeni ya nati. Nyundo haina nafasi hapa. Nguzo za usukani za magari mengi zimetengenezwa zijikunje gari linapogonga, na pigo la nyundo kwenye ncha ya shafti linaweza kuanzisha mkunjo huo ukiwa umeegesha nyumbani kwako.

Shafti ikiwa wazi, safisha meno yake kwa brashi ya waya laini na uyakague. Meno yaliyolika au yaliyolala upande mmoja yanamaanisha kwamba kazi inasimama hapo hadi shafti ibadilishwe. Jaribu bosi kwa mkono bila nati: iingie kwa kubana, ikae bila kucheza hata kidogo. Nyuma ya bosi kuna vijino au pini zinazoingia kwenye pete ya indiketa, ile inayoirudisha indiketa yenyewe baada ya kona, na pini hizo lazima ziingie mahali pake. Ukilazimisha nati huku pini imekalia plastiki, utavunja swichi ambayo kuipata ni kazi kuliko kuupata usukani. Paka grisi kidogo sana kwenye pete ya shaba ya honi, wala usiguse meno kwa grisi hiyo.

Panga bosi kwa kuufuata mstari wa rangi ya kucha, huku alama ya juu iliyoandikwa kwenye bosi ikiwa juu kweli. Rudisha nati na ukaze kwa tokirenchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo kilichomo katika kitabu cha matengenezo cha gari lako. Toyota zenyewe hutofautiana kwa mwaka na muundo, nyingi zikiwa kati ya nyutonimita (Nm) 35 na 50, kwa hiyo usikopi kipimo cha gari la jirani. Kukaza kwa kukisia ni kosa la pande mbili: nati iliyolegea huacha meno yachezeane na kulana, na iliyokazwa kupita kiasi huvuta nyuzi za shafti, nyuzi ambazo haziuzwi peke yake. Ukimaliza, chora mstari mpya wa rangi ya kucha ukikatiza nati na kichwa cha shafti.

Usukani wenyewe ndio sehemu nyepesi. Weka skrubu zote sita kwa vidole kwanza, kisha zikaze kwa kukatizana kama nati za tairi, raundi mbili au tatu, kwa spana fupi ya aleni na bila kutia uzito wa mwili. Skrubu ya milimita 5 hukatika upesi. Tone la gundi ya bluu ya kuzuia nyuzi kulegea linatosha kwa kila moja.

Honi huwatesa wengi bila sababu. Katika Corolla hizi honi hulia pale waya wake unapounganishwa na mwili wa gari, yaani hasi, na kitufe kinafanya kazi hiyo tu ya kuunganisha. Kitufe kipya kina ndimi mbili: mmoja unachukua waya unaotoka kwenye pete ya shaba, mwingine unachukua waya mfupi unaofungwa chini ya mojawapo ya skrubu za usukani. Rudisha terminali ya betri. Honi ikianza kulia yenyewe, waya wa kwanza umegusa chuma mahali fulani, mara nyingi umebanwa kati ya bosi na usukani. Ikikataa kulia, kwangua rangi chini ya skrubu iliyoshika waya mfupi, kwa kuwa rangi hupinga umeme.

Kabla ya kutoka, zungusha usukani hadi mwisho wa kulia na mwisho wa kushoto gari likiwa limesimama, ukihesabu mizunguko. Idadi iwe sawa kila upande. Sikiliza pia mlio wa kukwaruza kati ya bosi na kifuniko cha nguzo, na hakikisha indiketa zinarudi zenyewe pande zote mbili. Halafu nenda polepole kwenye barabara ileile iliyonyooka. Usukani ukikaa upande, hesabu meno: shafti ikiwa na meno 36, jino moja ni digrii 10, kwa hiyo mpindo wa digrii 10 au zaidi unarekebishwa kwa kutoa bosi na kusogeza jino. Mpindo mdogo kuliko huo hauondoki kwa kusogeza jino. Hurekebishwa kwenye tairodi, vyuma vinavyosukuma matairi yageuke, wakati wa kupanga matairi, kwa kuzungusha za pande zote mbili kwa kiasi sawa.

Baada ya wiki moja ya kuendesha, chomoa kitufe cha honi uutazame ule mstari wa rangi ya kucha. Ukiwa umenyooka, rudisha kitufe. Ukiwa umekatika, hata kwa unene wa ukucha, nati imesogea: kagua meno, badilisha nati na washa yake, kaza upya kwa kipimo, na uchore mstari mwingine wa kutazamwa wiki inayofuata.