Somo: Kuandikisha familia bima ya afya bila kurudishwa dirishani

Wiki hii nimeulizwa mara saba, dukani na kwenye simu: "Hii bima ya wote mtu anajiandikishaje?" Nina steshenari Mbagala Rangi Tatu, natoa kopi na kujaza fomu za watu, kwa hiyo maswali yote yanaishia mezani kwangu. Leo naandika mara moja. Atakayeniuliza tena nitamtumia hii.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Inamtaka kila mkazi awe na bima. Wasio na uwezo wanalipiwa kupitia mfuko ambao vyanzo vyake vimetajwa humo humo: ushuru wa soda, vileo na vipodozi, kodi ya michezo ya kubahatisha na vinginevyo. Mimi naiunga mkono kwa moyo wote. Nimeona majirani wakiuza cherehani ili kumtoa mgonjwa wodini.

Hatua ya kwanza, jua uko kundi gani. Ukiwa umeajiriwa, mwajiri ndiye anayekuandikisha, ndani ya siku 30 tangu mkataba uanze. Mchango ni asilimia 6 ya mshahara na yeye halipi chini ya nusu yake. Ukiwa umejiajiri, unaandikisha kaya yako mwenyewe. Wasio na uwezo nimewawekea maelezo yao chini.

Hatua ya pili, namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ya kila mtu mzima. Kadi ikichelewa, namba inatosha.

Hatua ya tatu, cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto kutoka RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo. Ile karatasi uliyopewa hospitali ulipojifungua ni tangazo la kizazi, bado si cheti.

Hatua ya nne, linganisha majina. Hapa naomba msome taratibu, maana hapa ndipo mimi niliumia. Nilipoandikisha watoto wangu miaka hiyo, fomu nilijaza usiku baada ya kufunga duka, na wa pili nikamwandika Mwanahidi, kama anavyoandikwa kwenye daftari la madrasa. Cheti chake kinasema Mwanaidi. Sikukitazama, kilikuwa kabatini. Miezi mitano baadaye akashikwa na homa usiku, nikambeba mpaka hospitali nikiwa na amani kabisa kwamba bima ipo. Yule karani akachapa jina mara tatu, kisha akanigeuzia skrini nione mwenyewe: hayupo. Mtoto amelala begani, shingo inawaka moto, na mimi napiga simu kwa shemeji anitumie pesa. Herufi moja tu, h.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Chukua karatasi, andika jina la kila mtu kama lilivyo NIDA au kwenye cheti, herufi kwa herufi, majina yote matatu na kwa mpangilio wake. Salum na Salumu ni watu wawili kwenye kompyuta. Angalia na tarehe: tarakimu nane za mwanzo za namba ya NIDA ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kama cheti chako kinasema 1988 na namba inaanza na 1986, tatizo umeshalijua ukiwa nyumbani, si dirishani. Ukikuta kosa, rekebisha waraka wenyewe, RITA au NIDA, na kiapo cha majina kama wakikihitaji. Usibadilishe fomu ili ifanane na kosa. Wengi wanafanya hivyo kwa haraka, halafu kosa linawafuata mpaka benki na shuleni. Na fanya sasa hivi, wote mkiwa wazima, kwa sababu marekebisho hayaishi kwa siku moja.

Hatua ya tano, wategemezi. Wewe, mwenza wako, na wengine wasiozidi wanne. Ukimweka baba yako, amechukua nafasi moja kati ya hizo nne. Kaeni kitako mkubaliane kabla ya kujaza.

Hatua ya sita, lipa kwa namba ya malipo ya serikali peke yake. Hapa Dar kaya ya watu sita ni shilingi 150,000 kwa mwaka. Mtu akikwambia umtumie kwenye namba yake ya simu "akufanyie haraka", huyo anakuibia.

Hatua ya saba, ukishalipa hakikisha majina yote sita yanaonekana. Ukiugua anzia zahanati au kituo cha afya, upande kwa rufaa. Kwenda moja kwa moja Muhimbili kwa kikohozi ni kujitafutia kurudishwa. Dharura ni jambo jingine.

Kwa wasio na uwezo: anzieni ofisi ya serikali ya mtaa na afisa ustawi wa jamii. Waliomo TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, waende na uthibitisho wao. Na msisahau kwamba sera ya msamaha ipo tangu zamani: wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Uliza dirisha la wazee, usione aibu.

MASWALI

Kijana wa Tandika: Hiyo laki na nusu ni kwa mwezi?

Jibu: Kwa mwaka. Ipo hatua ya sita.

Boda Chamazi: Dada, nitumie basi hiyo namba nilipie leo.

Jibu: Sina namba ya kukutumia, na yeyote atakayekutumia mkimbie. Namba ya malipo inatoka kwenye usajili wako. Soma somo lote kaka yangu, sikuandika kujifurahisha.

Boda Chamazi: Mbona mkali? Nimeuliza tu.

Jibu: Mama mmoja hapa mtaani kwetu alitapeliwa hivyo hivyo. Ndiyo maana.

Mama Zawadi: Shoga, nina dada wa kazi, yuko na mimi mwaka wa nne. Naweza kumweka kwenye wale wanne? Naona vibaya sisi tuwe na bima yeye asiwe nayo.

Jibu: Mungu akubariki kwa kumfikiria. Wategemezi ni ndugu wa karibu, kama watoto wako na wazazi, wako au wa mwenza, kwa hiyo yeye haingii hapo. Ila yeye ni mwajiriwa na wewe ndiye mwajiri wake, kwa hiyo anza na mkataba wa maandishi, hata wa ukurasa mmoja. Mkataba wa maandishi unarahisisha kuonyesha kwamba ni mfanyakazi wako. Muulize pia kama ana namba ya NIDA. Wengi wametoka mikoani bila namba, na mtendaji wa mtaa anapokaa sasa anaweza kumwandikia barua ya utambulisho. Njoo naye dukani Jumamosi, mkataba nitawachapia bure.

Mzee wa Kijichi: Kwetu mkoani ndugu zangu walikuwa wanalipa 30,000 kaya nzima. Kwa nini Dar laki na nusu? Mnatuonea.

Jibu: Shikamoo mzee. Ile 30,000 ilikuwa ya CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, viwango vya mikoani, na Dar ilikuwa 150,000 tangu wakati huo. Hapa huduma ni ghali zaidi na hospitali za rufaa ziko mlangoni: Temeke, Amana, Mwananyamala. Ukigawa kwa watu sita ni 25,000 kwa kichwa. Nakubali kwamba kutoa laki na nusu kwa mkupuo ni mzigo. Sisi kikundini kwetu tunaweka 500 kila siku kwenye kibubu, mwaka ukiisha umeipita.

Mama Zawadi: Hiyo ya kibubu nimeichukua.

Binti Jangwani: Mafuriko yalichukua vyeti vyetu vyote. Cha kwangu kimebaki kipande tu, jina la baba halisomeki. Naanzia wapi?

Pwani Moja: Mimi siku hizi napiga picha kila cheti najitumia WhatsApp, na vyenyewe viko kwenye bahasha ya nailoni juu ya kabati.

Jibu: Pwani Moja umesema vyema, wote tufanye hivyo. Binti, pole sana. RITA wanatunza kumbukumbu, kwa hiyo cheti kinatolewa upya. Usikitupe hicho kipande. Kikaushe kivulini, usikipige pasi, halafu tazama juu kama namba ya ingizo bado inasomeka. Ikiwepo, wanakutafuta kwa hiyo. Kiweke ndani ya kitabu bila kukikunja, uje nacho kilivyo.