Sato, mjusi, kuku na mbuzi: jinsi ya kupasua mioyo minne kwa vipindi viwili

Nina miaka 14 kwenye maabara ya baiolojia hapa Mwanza, na kila mwaka naona mchoro uleule: moyo wa mjusi umechorwa kama moyo wa mbuzi uliotobolewa ukuta. Mwanafunzi amekariri "auriko mbili, ventriko moja, ukuta haujakamilika" (auriko ni chumba cha moyo kinachopokea damu, ventriko ni kile kinachoisukuma), na kichwani mwake mjusi ni mbuzi ambaye fundi alikimbia na malipo ya awali. Maneno hayamtoi hapo. Mpe wembe.

Tuanze sokoni, maana huko ndiko somo huharibikia. Mara ya kwanza nilinunua mioyo sita ya mbuzi, nikafika shuleni nikakuta yote imechanjwa ubavuni na mishipa ya juu imekatwa hadi kwenye shina. Muuza nyama alidhani ananisaidia. Alikuwa ameondoa "uchafu". Uchafu wenyewe ndiyo aorta, mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni kwenda mwilini, niliyoifuata. Siku hizi naagiza mapema: "Kaka, niachie moyo, mapafu na koromeo vikiwa vimeshikana, usipitishe kisu." Sato namchukua soko la samaki la Mwaloni asubuhi, mbichi, tumbo halijafunguliwa. Kuku awe amenyonyolewa tu. Mjusi simuui. Wale wa kwenye mawe yetu, kichwa na mabega mekundu na mwili wa bluu, hugongwa na pikipiki mara kwa mara. Nikimkuta kifua hakijapondeka namhifadhi kwenye friza. Kenge, chatu, kobe na mamba usiwaguse, sheria ya wanyamapori haina utani.

Vifaa: mkasi mdogo, wembe, sahani nyeupe, lenzi, uzi, pini, glavu, bomba la sindano lisilo na sindano, na mirija ya soda ya rangi tatu.

Mlaze sato chali. Kata ngozi ya chini ya koo katikati ya vifuniko vya matamvua, juujuu tu, kwa sababu moyo uko karibu sana. Utaona auriko nyeusi-nyekundu, ventriko iliyokaza, na mbele yake kifundo cheupe kinachonyumbuka. Ingiza ncha ya bomba kwenye kifundo hicho, sukuma maji taratibu kuelekea kichwani. Kama samaki ni mbichi kweli, matamvua yataanza kupauka. Hapo huhitaji hotuba: damu ya samaki hupita moyoni mara moja tu kwa kila mzunguko, kutoka moyoni kwenda kwenye matamvua, kisha mwilini.

Chura simpasui tena. Nawaambia tu kwamba ana auriko mbili na ventriko moja, na kwamba anapumua kwa ngozi pia, kwa hiyo hata damu inayorudi upande wa kulia imeshaokota oksijeni njiani.

Mjusi ndiye wa kukaa naye. Moyo wake ni kama punje ya mbaazi. Usiukate kwa urefu kama wa mbuzi. Kata ventriko kwa upana, kama unavyokata ndizi, kisha suuza na utazame kwa lenzi. Kutoka ukutani linainuka tuta la misuli. Ventriko inapojikaza, tuta hilo husogea kuelekea ukuta wa pili na kutenga njia ya mapafu na njia ya mwili. Kwa chatu na kenge tuta hubana sana kiasi kwamba damu ya mwilini huenda kwa shinikizo kubwa kuliko ile ya mapafuni, ingawa ukuta kamili haupo. Na mjusi akibana pumzi, damu inaweza kuruka safari ya mapafu na kurudi mwilini. Mbuzi hawezi: kila tone linaloondoka upande wa kulia lazima lipite mapafuni, atake asitake. Sasa nani hajakamilika?

Mamba tunamtengeneza kwa moyo wa mbuzi. Pitisha mrija mwekundu kwenye aorta hadi ventriko ya kushoto. Pitisha wa bluu kwenye ateri ya mapafu, mshipa unaopeleka damu mapafuni, hadi ventriko ya kulia, halafu ongeza wa kijani ubavuni mwa ule wa bluu. Huo wa kijani ndio aorta ya pili ya mamba, inayotoka kulia ambako mbuzi hana kitu kama hicho. Ufunge kwa uzi ugusane na mwekundu, kisha toboa yote miwili kwa pini mara moja. Tundu hilo linaitwa tundu la Panizza, kwa jina la Mwitaliano aliyelieleza mwaka 1833. Bana mrija wa bluu kwa vidole: ndivyo vali (mlango wa damu) ya mamba inavyopunguza njia ya mapafu akizama, na damu ikashika njia ya kijani.

Kuku mfungue moyo ukiwa bado kifuani. Akilala chali kichwa kikiwa mbali nawe, kulia kwake ni kushoto kwako. Nimeshawahi kufundisha kinyume darasa zima kwa kusahau hilo. Aorta yake inapinda kulia. Ya mbuzi inapinda kushoto, na utaiona tu kama muuza nyama alikusikia. Kisha pasua upande wa kulia wa mioyo yote miwili. Kati ya auriko na ventriko mbuzi ana vali ya ngozi nyembamba iliyofungwa kwa nyuzi. Kuku ana kipande kimoja kinene cha nyama. Vyumba vinne wote wawili, lakini kila ukoo ulivijenga kivyake.

Kabla hawajavua glavu, waulize mamba ana undugu wa karibu na nani, mjusi au kuku. Wangu karibu wote hujibu mjusi. Ni kuku. Waache warudi kwenye sahani wenyewe.