Somo: Mtaro ukishakausha kinamasi, mboji iliyopotea ipime kwa majivu

Wakuu, kosa linalojirudia ni kuchukua asilimia ya mboji kabla na baada ya mtaro, kisha kutoa moja kwa nyingine. Hesabu hiyo inadanganya.

Piti ni mabaki ya mimea yaliyolundikana majini yakakosa hewa. Mtaro ukishusha maji, oksijeni inaingia, bakteria na kuvu wanakula mboji, kaboni inapaa kama hewa ya ukaa. Ardhi nayo inashuka: kwenye kinamasi cha Holme Fen, Uingereza, nguzo ya chuma ilisimikwa mwaka 1851 kichwa kikiwa usawa wa ardhi, leo imetokeza takriban mita 4. Kinachobaki ni madini: hayaozi, na sampuli ikichomwa ndiyo hubaki kama majivu.

1. Chukua udongo upande uliokaushwa na upande usioguswa, sentimita 0–20 na 20–40. Ondoa majani mabichi na mizizi hai.

2. Kausha kwa nyuzi 105 hadi uzito usibadilike. Saa 24 mara nyingi hutosha, ila piti mbichi huchelewa.

3. Saga, chekecha kwa chekeche la milimita 2, weka gramu 5 kwenye kikombe cha kauri ulichokwisha kukipima. Choma nyuzi 550 kwa saa 4. Pandisha moto polepole; ukiharakisha, sampuli inawaka na kurusha majivu nje, nawe utadhani mboji ilikuwa nyingi. Ukiona weusi katikati, rudisha tanurini. Poza kwenye chombo kilichofungwa chenye silika (chembe za kukausha hewa), kwani majivu hunyonya unyevu. Kisha pima tena: uzito uliopungua ni mboji, uliobaki ni majivu.

4. Mfano wa hesabu: upande usioguswa mboji 40%, majivu 60%. Upande wa mtaro mboji 25%, majivu 75%. Kwa gramu 60 za majivu, kwanza kulikuwa na mboji gramu 40; sasa ni 60 ÷ 75 × 25 = gramu 20. Nusu imekwenda, si 15%!

Hesabu hii inasimama iwapo hakuna madini yaliyoongezeka. Mafuriko au upepo ukileta mchanga, majivu yanapanda bila mboji kuoza. Kwa mabonde yetu ya Dodoma hili ni la kuangalia sana: ukiona tabaka la mchanga, lipime peke yake.

MASWALI

*Mkuu, mbuga nyeusi ya Bahi nayo ni piti?*
Hapana. Ni mfinyanzi unaovimba na kupasuka. Weusi wake usikudanganye, mboji ni kidogo. Tena mfinyanzi ukichomwa nyuzi 550 hutoa maji yaliyofungwa ndani ya madini, na tanuri linayahesabu kama mboji. Omba maabara wapime kaboni kwa njia ya Walkley-Black, inayotumia kemikali badala ya tanuri.

*Jiko la mkaa halifai?*
Halifai. Joto halidhibitiki, na jivu la mkaa likidondokea kikombeni umeharibu kila kitu.

*Nikiziba mtaro, mboji itarudi?*
Uozaji utapungua sana maji yakipanda hadi karibu na uso wa ardhi, lakini iliyopotea hairudi kwa msimu mmoja wala miwili. Piti iliyokauka mno huwa inakataa maji: dondoshea tone juu ya bonge kavu uone linavyokaa bila kuzama. Kwa hiyo ziba kabla kiangazi hakijakolea, kwa vizuizi kadhaa vifupi kufuata mteremko. Kizuizi kimoja kikubwa chini hujaza mwisho wa mtaro tu, juu kukabaki kukavu.