Ngwe moja kwa siku: kufufua shamba la mkonge kwa jembe, kwa njia ya mfungwa Ruse

Shamba langu la ekari moja na nusu lipo Ngomeni, Muheza. Zamani lilikuwa mkonge mtupu. Marehemu baba aliletwa huku kutoka Songea akiwa manamba, akakata mkonge kwa kipande cha siku 30, na kazi ilipokwisha hakurudi tena kwao. Udongo aliotuachia ni ule uliokwisha kunyonywa, ukiupiga jembe linadunda.

Mwaka wa kwanza niliilima yote kwa wiki mbili, nikajiona hodari. Kumbe nilikuwa nakwatua juu juu tu. Mahindi yakafika kiunoni, yakawa manjano, nikavuna debe nne. Ndipo mjukuu wangu, aliye kidato cha tatu, akanisomea habari za James Ruse.

Huyu alikuwa Mwingereza wa Cornwall, alivunja nyumba akaiba. Mwaka 1782 akahukumiwa miaka 7 ya kutupwa ng'ambo, na mwanzoni ng'ambo yenyewe ilikuwa Afrika. Nilicheka sana. Akawekwa kwenye meli chakavu iliyogeuzwa gereza huko Plymouth, hadi 1787 aliposafirishwa kwenda Australia. Huko njaa ilikuwa kali. Kifungo kilipokwisha, Gavana Arthur Phillip akampa ekari moja na nusu pale Parramatta, mbegu, vifaa, nguruwe majike wawili na kuku sita, aone kama mtu mmoja anaweza kujilisha. Februari 1791 Ruse akasema hahitaji tena posho ya ghala la serikali, naye akapewa ekari 30.

Gavana aligawa, lakini ardhi ile ilikuwa na wenyewe, watu wa Burramattagal. Sisi wa Tanga hatuna haja ya kuelezwa zaidi: mwaka 1895 Wajerumani nao walitangaza kwamba ardhi "isiyo na mwenyewe" ni mali ya dola lao.

Turudi kwenye jembe. Ekari zake zilikuwa sawasawa na zangu, ndiyo maana nikamfuata.

Anza Januari, kaskazi ikivuma na jua likiwaka, ili masika ya Machi ikukute tayari. Fyeka kwanza. Mashina ya mkonge yang'oe na uyapindue mizizi juu, maana shina bichi haliungui, na likilala vibaya linachipua tena. Okota pia vile vimche vilivyodondoka kutoka kwenye milingoti ya mkonge, hata kama vinaonekana vimekufa. Ruse alichoma miti aliyoiangusha, akayachimbia majivu ardhini. Mimi huchoma magogo na mashina makavu tu, nikishamwarifu mwenyekiti wa kitongoji, na majivu nayatandaza kama debe moja kwa kila ngwe, yaani kipande cha kulima siku moja. Mkonge hula sana chokaa ya udongo, na majivu hurudisha kidogo. Usipitilize. Ukitaka uhakika, kituo cha utafiti wa kilimo cha Mlingano hapo jirani wanapima udongo.

Sasa ngwe yenyewe, na hapa ndipo watu hukosea. Ruse hakulima zaidi ya rodi 8 au 9 za mraba kwa siku; rodi ni kipimo cha zamani cha Kiingereza. Rodi 9 kwa vipimo vyetu ni kama mita 15 kwa 15. Alisema hakutaka shamba lake lifanane na la serikali, lililokuwa limeparuzwa juu juu. Kata kamba ya mita 15, piga vigingi vinne, lima humo mpaka jembe lizame lote, kisha nenda nyumbani. Mimi mwanzoni sikuweza, nilipima 10 kwa 10, na mume wangu akawa ananicheka akiwa kivulini. Ukienda rodi 8 kila siku, ekari moja na nusu inakwisha kwa siku 30 kamili. Kipande kizima cha baba, ila safari hii unajilimia mwenyewe.

Ukilima, usiache madongoa. Yapige kwa mgongo wa jembe ukiwa bado humo ngweni, kabla jua halijayafanya matofali. Nyasi na magugu yafukie palepale, usiyakusanye pembeni kuchoma. Ndago tu ndiyo ninayoitoa nje ya shamba, maana hiyo ukiifukia umeipanda.

Kisha liache. Wiki tano, sita, jua lilipige na upepo upite. Majirani watasema umechoka. Wingu la masika likianza kujikusanya, pindua tena udongo wote, na siku mbili tatu baadaye panda. Kazi hii ya pili ni nyepesi, jembe linaingia lenyewe. Mimi hupanda mahindi ya mbegu ya Staha, inastahimili pwani, sentimita 75 kati ya mistari na 60 kati ya mashimo, mbegu mbili kila shimo. Palizi ya kwanza usiicheleweshe ukidanganywa na uzuri wa miche.

Baada ya mavuno, Ruse alipanga kulilainisha shamba kwa kupanda tenipu, mboga ya mizizi ya nchi za baridi. Hizo huku hazitufai, mimi hupanda kunde kwenye vuli, majani tunakula, mizizi inabaki ardhini. Mbinu yake nyingine ilikuwa mashimo: alikusudia kufukia majani makavu ya ngano na kila kitu kinachooza. Mimi huchimba shimo la kina cha mita moja karibu na banda la mbuzi, natia mabua, samadi na maganda ya mihogo, naweka maji kila safu, nafunika kwa makuti. Baada ya miezi minne linafunguliwa.

Wanamsifu Ruse peke yake, lakini mfungwa aliyepewa amsaidie aliondolewa, akabaki na mkewe, Elizabeth Perry, naye aliletwa huko akiwa mfungwa. Mahali palipoandikwa "alilima", mimi nasoma "walilima".

Mwaka 1793 aliliuza shamba lile kwa pauni 40, akahamia kando ya mto Hawkesbury, kwenye udongo mnono ambao mafuriko huufika. Mwenye kipande bondeni kando ya mto Zigi ananielewa. Huko pandisha matuta, na shimo la mboji lichimbe juu, karibu na nyumba.