Kutoka kidaftari hadi jalada: andika tukio lisimame mahakamani

Mdogo wangu uliyetoka depo juzi, kesi nyingi zinazoniuma hadi leo hazikufia mikononi mwa hakimu. Zilifia kwenye ukurasa wa kwanza wa kidaftari cha askari aliyetangulia kufika eneo la tukio. Twende taratibu, nikuonyeshe ninavyofanya.

Hatua ya 1: Andika ukiwa palepale

Saa, mahali, uliowakuta. Saa ina mtego wake kwetu. Shahidi anasema "saa mbili", wewe unaandika 02:00, mwenzako wa CRO (chumba cha kupokelea malalamiko kituoni) ameandika 20:00 kwenye RB, kitabu cha taarifa. Jalada moja tayari lina matukio mawili. Muulize: ya asubuhi au ya usiku? Kisha andika zote mbili, hivi:

*Saa 2:10 usiku (20:10). Nimefika nje ya duka. Taa ya bomba juu ya mlango inawaka. Mlalamikaji amekaa kwenye benchi, ameshika mkono wa kushoto, shati limelowa damu. Anasema: "Kanikata jirani yangu wa chumba cha mwisho, kwa panga. Tulikuwa tunatazamana." Toka mlangoni hadi anaponionyesha alisimama jirani: hatua zangu 6.*

Usizidharau hatua 6 hizo. Tangu mwaka 1980, katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Tanzania imetaka ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho upimwe kwa makini: shahidi alimtazama kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, na je, alimjua kabla? Nikiwa bado mchanga kazini niliandika "kulikuwa na mwanga wa kutosha". Kizimbani wakili akaniuliza: mwanga wa nini? Uliwekwa wapi? Mkali kiasi gani? Sikuwa na jibu, na mama aliyevamiwa alikuwa amekaa nyuma yangu akisikia. Tangu siku hiyo naandika taa yenyewe na mahali ilipo.

Hatua ya 2: Mwachie shahidi maneno yake

Tumerithishana misemo ya kituoni: "kitu chenye ncha kali", "watu wasiojulikana". Akisema panga, andika panga. "Kitu chenye ncha kali" mwachie daktari kwenye PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi. Yeye hakuwepo, anasoma kidonda.

Hao "wasiojulikana" ndio hatari zaidi. Majeruhi anafika usiku, anamtaja jirani yake kwa jina, na askari aliyechoka anaandika kwa mazoea kwamba amevamiwa na watu wasiojulikana. Katika shauri la Marwa Wangiti Mwita, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo ni uthibitisho mkubwa wa kuaminika kwake. Ukiliacha jina usiku ule, umemnyang'anya majeruhi silaha yake bora, na hata akilitaja kesho yake ataulizwa kwa nini hakulitaja jana.

Ukimaliza, msomee maelezo yake, arekebishe, asaini au aweke dole gumba.

Hatua ya 3: Mtuhumiwa na saa yako

Muda wa msingi wa kumhoji aliye chini ya ulinzi ni saa 4, na unaweza kuongezwa kwa utaratibu wa sheria. Safari ya kumfikisha kituoni haihesabiwi, lakini ni nani atakayejua mmesafiri kwa muda gani kama hukuandika? Weka saa ya kumkamata, ya kuondoka, ya kufika, ya kuanza na ya kumaliza maelezo ya onyo, yaani yale anayoyatoa mtuhumiwa baada ya kuonywa.

Hatua ya 4: Kielelezo

"Simu moja nyeusi" ni simu ya nusu ya mji. Bonyeza *#06#, nakili tarakimu 15 za IMEI, taja ufa ulipo kwenye kioo. Jaza hati ya ukamataji mali hapohapo, mwenye nyumba na mashahidi wasaini. Kisha kila mkono unaokigusa uandikwe: nani kampa nani, lini, kwa ajili gani. Mahakama iliyaeleza haya vizuri katika shauri la Paulo Maduka: kielelezo kiwe na mfululizo wa maandishi tangu kinapokamatwa.

Hatua ya 5: Ripoti

Fuata mtiririko wa saa. Tenga ulichokiona, ulichoambiwa na unachodhani. "Alikuwa amelewa" ni hukumu yako. "Alinuka pombe, aliyumba, alishika ukuta" ni ushahidi. Ukikosea, piga mstari mmoja neno lisomeke bado, uweke saini na tarehe. Kidaftari kilicholowa mvua usikinakili upya kisha ukakitupa. Hicho chenye matope ndicho cha siku ile.

Kabla hujaikabidhi kwa mkuu wa upelelezi, mpe mwenzako ambaye hakuwepo. Wiki iliyopita kijana mmoja alinisomea yangu, akanyamaza, kisha akauliza: "Afande, hili panga nani alilibeba kutoka dukani hadi kituoni?" Nilirudi kwenye kidaftari, nikatafuta jina la askari na saa, nikaongeza mstari huo.